Kofia ya Mzee Nassibu Haijakombolewa

...kwa kifundo cha kidole, hebu msikilize, dalali wa mahakama mzima, amri iko mfukoni, vijana wa kubeba vitu wako nyuma yake, halafu anagonga mlango kama mtu aliyekuja kuomba kiberiti, ko, ko, ko, Baba Kabula, ni mimi Masele, fungua basi tumalizane kwa amani, na Jilala hakuinuka kwenye kigoda, ainuke aende wapi, chumba chote kilikuwa kimebaki na kigoda hicho na yeye juu yake na msumari ukutani na kofia kwenye msumari, vingine vyote Paskazia alivihamishia Cheyo juzi, kitanda, masufuria, boksi la spana za baiskeli, hata pazia alilivua, mke wake yule hana mchezo, alisimama katikati ya chumba akashika kiuno, akasema mume wangu, si tumesaini kwamba tunahama, si chumba kule tumepata, basi mimi nahama, wewe baki na kofia yako mkalindane, akaondoka na mkokoteni, naye akabaki, kweli akabaki, mtu mzima na mvi zake anakalia chumba kitupu cha watu kwa sababu ya kofia ya marehemu... ko, ko, Baba Kabula, najua umo, kandambili zako hizi hapa nje, ah, kandambili, hilo nalo, mtu anajifungia ndani halafu anaacha kandambili mlangoni, lakini yeye hajajificha, asije mtu kesho akasema Jilala alijificha, yeye amekaa tu, kujificha na kukaa ni vitu viwili, na kama ni kuhama alishakubali kuhama, mbele ya mwenyekiti wa baraza la ardhi alikubali, maridhiano yakaandikwa, yakasomwa kwa sauti, akasaini yeye, akasaini Najiat mwenye nyumba, binti wa marehemu, kwamba mpangaji atatoka kwa hiari yake na mwenye nyumba hatamfuata kwa lingine lolote, na siku iliyotajwa ikaja ikapita mpangaji hajatoka, ndiyo maana dalali yuko mlangoni asubuhi hii, sheria ni sheria, hapo hana neno, Masele anafanya kazi yake, neno lake liko kwenye kofia.

Maana hawezi kutoka nayo na hawezi kuiacha, na hili nani ataliweka kwenye maridhiano, kitu cha marehemu kikishachukuliwa na mtani msibani hakirudishwi hivi hivi kama sahani ya jirani, kinakombolewa, wenye msiba wanatoa chochote, kuku, kibaba cha unga, hata ugoro wa kunusa, mtani anapokea, anawatukana kidogo juu yake, anakirudisha, watu wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na marehemu anapumzika akijua ameaga vizuri, hivyo ndivyo walivyowakuta wazee wakifanya, na kofia hii haikukombolewa, imening'inia hapo tangu Mzee Nassibu azikwe, masika yamekuja yameondoka, vumbi anaifuta mwenyewe kila Ijumaa kwa kitambaa kisafi, sasa akiitupa sakafuni atoke zake ni kusema Nassibu hakuwa na watu, ni kusema utani umekufa na kuzikwa naye, na akitoka nayo kichwani au kwapani ni mwizi, mwizi wa kofia ya maiti, mtaa mzima wa Kanyenye utamwimba, kwa hiyo mtu afanye nini, aketi, basi, ameketi... nje Masele alikuwa akiongea na mwenyekiti wa mtaa aliyeitwa kushuhudia, alisikia neno mtaimbo, alisikia komeo ni la ndani, halafu sauti ya mwanamke, chini sana, hakuyashika maneno, ila sauti aliijua, Najiat huyo, amekuja mwenyewe, haya, amekuja kuona Mnyamwezi akiburutwa kwenye baraza la nyumba ambapo baba yake alimkaribisha, karibu mama, tazama vizuri.

Baraza hilo hilo, naam, alikuwa kijana wakati ule, ametoka Puge na baiskeli moja na ujuzi wa kuunga minyororo, anatafuta chumba, na mzee amekaa nje na kofia hii hii, wakati huo ikiwa bado nyeupe, akamtazama kutoka nywele hadi vidole vya miguu, akauliza kijana kabila gani, Mnyamwezi, mzee, akasema aa, Mnyamwezi, na mzigo wako uko wapi, leo wamekutuma mtupu? na Jilala, sijui ulimi ulitoka wapi, maana alikuwa na njaa tangu jana yake, akamjibu nimekuja kukubeba wewe, Mzaramo, nikurudishe kwenu pwani ukacheze ngoma, huku kazi zimekushinda, na mzee akacheka mpaka akaishika nguzo, akapiga kelele ndani, jamani chumba cha mbele kifagiliwe, mwenye nyumba amekuja, mwenye nyumba, alimwita hivyo kuanzia siku ile, mwenye nyumba, umeamkaje, mwenye nyumba, paa linavuja, utaezeka lini, mbele ya wageni, mbele ya shehe, na nani aliuliza, nani alitaka kuandika, wote walijua Wazaramo na Wanyamwezi walikutana njiani enzi za misafara, hawa wanabeba wale wanapokea, wakauguzana, wakazikana njiani, wakapeana ruhusa ya kutukanana mpaka siku ya mwisho, babu wa babu yake Nassibu si alifika na msafara hapa miguu ikavimba, akaachwa kwa Wanyamwezi, wakamlisha, wakamwoza, ndiyo nyumba hii, ndiyo ukoo huu, na leo mtoto wa ukoo huo amesimama nje na dalali.

Na mama, siku ya mama, hiyo hataisahau hata wakimzika nayo, mama yake Jilala alipofariki kule Puge alitaka naye afe, alikuwa hali, haongei, amekaa kando ya kaburi macho makavu, wanawake wanamwogopa, na Mzee Nassibu akashuka kwenye basi na kikapu chake, na goti lile bovu, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kaburini, akavua viatu, akateremka ndani na kanzu yake, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema kaburi zuri hili, limenitosha, Wanyamwezi tafuteni jingine, mimi sitoki, na wachimbaji wakamtolea maneno, naye anakoroma, anakoroma mle ndani, jamani, mpaka shangazi zake walipoleta jogoo, akafungua jicho moja akamkagua jogoo, akasema huyu kakonda, leteni mwingine, na hapo kitu kikapasuka kifuani kwa Jilala, akacheka, siku ya kumzika mama yake alicheka, na kicheko kilipokwisha kilio kikaja, kilio kizuri, kilichokuwa kimemkwama, akalia hadi jioni na mzee amemshika bega hasemi kitu, deni la namna hiyo mtu analilipaje, unasubiri siku yake nawe unalipa, na siku ikafika, na Jilala akalipa kwa moyo wake wote, akavaa kofia ya mzee, akachukua fimbo yake, akakaa kwenye kiti chake pale barazani waombolezaji wamejaa hadi barabarani, akaikunja sura kama yeye, akakohoa kama yeye, akasema mimi ndiye Nassibu, sijafa, aliyekufa ni Mnyamwezi, nyumba hii ni yangu, na huyu binti wa mjini afunge virago arudi Dar es Salaam akauze vitumbua, na watu wakacheka, wazee walicheka wakajifuta macho, Mzee Awadhi wa msikitini alicheka, na Jilala akangoja, akajua sasa atatoka mtu ndani na kuku, ama na kibaba cha unga, ama hata na ufagio wa kumfukuzia, akangoja, na mlangoni akasimama Najiat na ushungi wake mweusi, akamtazama, hakucheka, hakulia, akageuka akaingia ndani, na hakuna aliyetoka.

Shangazi mtu, Bi Tatu, ndiye aliyejua taratibu, na siku hiyo alikuwa kitandani hajiwezi, hata ndugu yake amezikwa hakuambiwa mpaka kesho yake, wengine kila mmoja alidhani mwenzake atakomboa, mambo ya msiba si ndivyo yalivyo, na Jilala akaondoka na kofia usiku, akajisemea watakumbuka tu, wiki hii watakumbuka, na badala ya kuku ikaja barua ya wakili, ya wakili, mzee hajatimiza arobaini, kwamba umedai umiliki wa nyumba ya marehemu mbele ya mashahidi, na hapo ndipo alipokasirika, hasira aliyokuwa hajaijua ndani yake, akaikunja ile barua akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na alipomkuta Najiat uani akapita kama anapita ukuta, na kule kwenye baraza la ardhi walipomuuliza, Bwana Jilala, ni kweli ulisema nyumba hii ni yako, alisimama wima akajibu nilisema, ukimaanisha nini, nilimaanisha nilichosema, Paskazia akamvuta shati, waambie, waambie ulikuwa utani, aseme, aseme vipi, utani hauelezwi, tangu lini mtani akasimama mbele ya watu wenye mafaili akasema samahani nilikuwa natania, mtani anayejieleza si mtani tena, ni mtu aliyetukana maiti, na kama mtoto wa Nassibu hajui hilo basi na asijue, na achukue nyumba yake, na saini hii hapa, na... ko, ko, Baba Kabula, mimi nawe tunaheshimiana, usinitume nivunje, mama mwenye nyumba amesema hataki mlango uvunjwe lakini amri inaniruhusu, unanisikia? na Jilala akanong'ona nakusikia, lakini akanong'onea magoti yake.

Hataki mlango uvunjwe, kwa nini hataki, mlango wa mbao tu na umeshaliwa na mchwa pale chini, halafu akaisikia sauti ya Najiat karibu, amesogea, yuko upande wa pili wa ubao, anasema Masele ngoja, weka hicho chuma chini kwanza, ngoja nimsalimie, na taratibu, kama mtoto aliyetumwa na mama yake, shikamoo, Baba Kabula... na Jilala akafumba macho, maana shikamoo hiyo aliikumbuka, kule kwenye baraza la ardhi pia alimwamkia, mbele ya mawakili, alipita karibu na benchi lao akainama kidogo, shikamoo, Baba Kabula, na yeye, Jilala wa Puge, aliyelelewa na mama aliyekuwa anawafinya wasioamkia, alitazama dirishani, hakuitikia, mtoto anakupa shikamoo unatazama dirishani, na Paskazia hakusema naye njia nzima ya kurudi, na ukimya wa Paskazia si kitu kidogo.

Na baada ya hapo, ndiyo, ilikuwa baada ya hapo, Najiat alipoitwa kueleza kwa nini anaogopa kunyang'anywa nyumba alisema kitu, Jilala alikuwa amejaa hasira masikioni hata maneno hayakupata pa kuingilia, lakini yaliingia, kumbe yaliingia, yalikaa tu huko yanasubiri, alisema hata kule nilikotoka walianza hivi hivi, kwa kucheka, mume wangu yuko ndani hajaoshwa, shemeji yangu akavaa viatu vyake, akatembea navyo sebuleni, anawaonyesha wenzake vimemkaa, wanacheka, anasema sasa mimi ndiye mwenye nyumba, na mimi nikadhani ni uchungu unawachanganya, na arobaini ilipofika nikawa nje na mabegi yangu mawili... viatu, alivaa viatu vya marehemu, wanacheka, sasa mimi ndiye mwenye nyumba, ee Mungu wangu, na mwanamke huyo akapanda treni na mabegi yake kurudi kwa baba, mahali pekee palipobaki, hajatimiza mwaka baba naye anaondoka, na anatoka mlangoni anakuta nini, anakuta mwanaume amevaa kofia ya baba yake, amekaa kwenye kiti cha baba yake, watu wanacheka, anasema nyumba hii ni yangu na huyu afunge virago, yeye angesikia nini hapo, angesikia utani? kwa sikio gani, mama yake alikufa yeye mdogo, akapelekwa Temeke kwa upande wa mama, watu wa kisomo na kimya, msibani kwao hata kikombe hakigongwi, nani alimfundisha, Nassibu mwenyewe alikuwa anamwona likizo kwa likizo, nani alikaa naye chini akamwambia mwanangu, kuna watu wanaitwa watani, wakija msibani wakakutukana usiogope, ndio wanaokupenda, hakuna, hakuna aliyemwambia, na Jilala miezi yote hii amemkasirikia mtu kwa kutojua wimbo ambao hakuwahi kuimbiwa, na yeye akijua anaumia peke yake, kumbe wako wawili, mmoja kila upande wa mlango.

Si dharau, alikuwa anaogopa, ndiyo maana hakucheka, ndiyo maana alikimbilia wakili, mtu aliyeshatolewa nje mara moja hasubiri mara ya pili, na ndiyo maana hata leo hataki mlango uvunjwe, anaujua mlango unaovunjwa, pengine aliwahi kuwa nyuma yake... na hapo Jilala akaona aibu, aibu ya kweli, ya kumpasha masikio moto, halafu chini ya aibu akaona kitu chepesi, wepesi ambao hajausikia tangu mazishi, kwa sababu kama tatizo ni kutojua, basi kutojua kunatibika, dawa yake ni mdomo, na mdomo anao, mdomo ndiyo mali pekee ambayo Paskazia hakuipandisha mkokoteni, lakini itabidi aeleze, hapo ndipo pagumu, aseme kwa kinywa chake lile lisilosemwa, mbele ya Masele, Msukuma yule atacheka mwezi mzima, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, itabidi utani aufungue kama redio, vyuma vyote nje, mtoto aone ndani, na Nassibu angesemaje, Nassibu angesema Mnyamwezi wewe, hata mzigo wa maneno unakushinda kutua? basi, basi mzee, natua.

Akasema marahaba, ikatoka kama mkwaruzo, akarudia, marahaba, mwanangu Najiat, na nje vijana wa Masele waliacha kunong'ona, akasema nisikilize, nitasema mara moja tu maana jambo hili si la kusemwa, mimi na baba yako tulikuwa watani, kwenye kaburi la mama yangu alilala yeye mpaka nikacheka, na mimi siku yake nilivaa kofia yake ili na wewe ucheke, nyumba siitaki, sikuitaka, ulitakiwa unitukane unipe kitu niirudishe kofia, hakuna aliyekwambia, na mimi nilitakiwa nikwambie nikanuna, basi, ndiyo hiyo, Cheyo nimepata chumba, kutoka natoka, ila siwezi kutoka na baba yako kwapani wala siwezi kumwacha sakafuni, nimekaa hapa nasubiri unikomboe.

Akatega sikio, akajiambia amekwenda, nimemwaibisha mbele ya watu, ameondoka, Masele sasa atainua chuma chake, halafu akasikia pua ikivutwa upande wa pili, ya mtu anayelia asitake ijulikane, na sauti ikauliza, ndogo kabisa, nikukomboe kwa kitu gani, Baba Kabula, sijui wanatoa nini, na Jilala akajibu haraka chochote, mwanangu, chochote kile, hata chumvi kiganjani, nenda jikoni ulete chumvi, yatosha, na hakusikia miguu ikienda jikoni, alikuwa kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mikono, na halafu Najiat akasema, sauti bado imelowa lakini imeinua shingo, chumvi sikupi, Mnyamwezi, nyinyi mkishikishwa mzigo hamjui kuutua, utaibeba mpaka Bagamoyo mimi huku nile mboga chapwa.

Hakuna aliyemfundisha, Temeke hawamfundishi mtu hayo, hayo yako kwenye damu au hayapo, na kicheko kikamtoka Jilala tumboni, kikamkunja juu ya kigoda mpaka akashika ukuta, na upande wa pili akamsikia naye, anacheka na kulia kwa pamoja na hajui aanze na kipi, na mwenyekiti wa mtaa anasema jamani, jamani, na Masele, maskini, anauliza sasa mama, nivunje au nisivunje, na mlango bado umefungwa, komeo liko palepale, na Jilala akafuta macho kwa kiganja, akikohoa, akitafuta tusi, tusi zuri, lililonona, la kumstahili mtoto wa Nassibu, maana kutoka atatoka, leo hii hii atatoka, lakini kwanza lazima amjibu.